Diski ya Tano Kutoka Kushoto

Jumatatu, tarehe 3

Niseme mapema: hakuna mtu aliye hai anayeandika vizuri kuliko mimi. Waliokufa sijawasoma wote. Shule niliiacha kidato cha tatu, au yenyewe iliniacha, tuliachana kwa amani. Walimu walikuwa wameishiwa.

Leo Mkuu wa Idara ya Ramani ameligundua hilo. Kachelewa, lakini kagundua. Hapa mimi ni mbeba mafaili tu, tena wa muda.

Kisa chenyewe ni hiki. Chumba cha nyuma kuna kabati la chuma lenye diski nane. Ndani ya diski hizo zimo ramani za viwanja vyote vya mji. Kila ramani hukatwa vipande ikagawiwa diski zote, kwa ujanja kwamba ikifa moja, saba zilizobaki zinajua marehemu alikuwa amebeba nini. Zikifa mbili kwa pamoja, basi tena, kila mtu atajenga kwa jirani. Kuna kadi ndani ya kompyuta inayozigawia diski kazi, na programu ya kuongea na kadi hiyo wanaiita draiva. Draiva hiyo kaiandika fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Mama Diski, peke yake. Anayeijua ni yeye, peke yake. Kwa hiyo hajaenda likizo miaka sita. Siku binti yake anaolewa, mama wa bibi harusi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati.

Sasa binti huyo huyo ana mimba ya kwanza, na siku zake za kujifungua ni mwisho wa wiki hii. Yuko mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi. Mama Diski kaomba ruhusa. Mkuu kasema sawa, ila kwa sharti: draiva iandikiwe mwongozo, na mtu asiyejua lolote aweze kubadilisha diski kwa kuusoma tu. Mtu asiyejua lolote keshapatikana. Ni mlinzi wetu wa geti, mzee makini, anayefanya kilichoandikwa na hazidishi. Bango lake linasema SIMAMA HAPA. Mvua ya mwaka jana ilimkuta hapo ikamwacha hapo.

Msomi wa ofisi yetu, mwenye shahada na tai, alikuwa ameshaandika kurasa arobaini. Mzee alisinzia ukurasa wa pili. Nikanyoosha mkono. Nikasema nipeni kurasa nne na hata mtoto wa chekechea atabadilisha diski huku analilia uji. Msomi akacheka, akaniambia mdogo wangu, wewe hata draiva ni nini hujui. Nikamjibu kaka, ndiyo maana mimi nitaeleweka.

Nimepewa mpaka Ijumaa. Dada yangu, fundi cherehani ninayekula na kulala kwake, kauliza kama hiyo draiva ina leseni.

Jumanne, tarehe 4

Mkakati wa kwanza: kujua kila kitu bila kuuliza. Anayeuliza huuanika ujinga wake. Nilichukua ndoo na kitambaa, nikajifanya napangusa meza iliyo nyuma ya Mama Diski, jicho kwenye skrini yake. Nikapangusa meza ile ile saa nzima. Bila kugeuka akasema mwanangu, rangi ya meza itatoka, vuta kiti.

Nikavuta kiti. Sikuondoka mpaka ofisi inafungwa.

Sasa nikiri, na mimi simsifu mtu ovyo, sifa zenyewe nazihitaji kwa matumizi yangu: yule mama ni moto wa kuotea mbali. Anaandika programu kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Hakuna mkunjo. Kila kitu kipo pale mkono utakapokitafuta. Na pembeni, kwa maneno ya kawaida, ameeleza kwa nini. Kuna mahali draiva inasimama tu, haifanyi kitu. Nikadhani nimemkamata. Pembeni ameandika: Kadi hii ikiulizwa haraka hujibu uongo. Ihesabie hadi tatu, ndipo uulize.

Nikauliza alijuaje. Akasema aliiuliza kadi swali moja mara elfu nne, na kila jibu akaliandika kwenye daftari, wiki mbili, mpaka akaona uongo unaanzia wapi. Alisema hivyo kama mtu anayesema alikwenda kununua chumvi.

Kisha akaweka kiganja juu ya kabati, akatulia, akaniambia kuna diski moja humu imechoka, haitamaliza mwezi. Nami nikaweka changu. Nilisikia joto tu. Nilimwambia hata mimi naisikia.

Jumatano, tarehe 5

Maneno ninayo. Picha sina. Mwongozo usio na picha ni mahubiri. Nami nikichora kabati, dada anauliza kama ni mbuzi.

Mkakati wa pili: Msomi ana picha nzuri katika zile kurasa zake arobaini, na leo alizituma tena kwenye mashine ya kuchapisha. Nikawahi. Nikajaza shati. Nikageuka, nikakutana na tai.

Nilijiandaa kwa matusi, hata tusi langu la kumjibu lilikuwa tayari mdomoni. Hakutukana. Kasema mdogo wangu, ungeomba. Akanichagulia tatu zilizo bora, na kalamu akanipa. Nimeudhika sana. Mtu ukimchukia kwa mpango maalumu halafu yeye anakufanyia wema, ni kama kukuvurugia ratiba.

Asiishie hapo, akaanza ushauri. Draiva inazihesabu diski kutoka kushoto, na ya kwanza inaiita sifuri. Nane zote: sifuri mpaka saba. Kwenye kabati hakuna namba, na vitaa vyake viliacha kusema ukweli zamani, vyote huwaka kijani, hata cha maiti. Kwa hiyo Msomi akasema sifuri niiache ilivyo, tena niiandike kwa herufi kubwa. Nikamshukuru kama anayemeza dawa.

Jumla: kurasa nne. Nimezisoma mwenyewe mara sita kwa kujifurahisha.

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya ushindi. Mama Diski kasoma mwongozo wangu wote, polepole, na kidole. Mahali nilipoandika kwamba diski huvutwa taratibu, kama unavyomtoa mtoto aliyelala mgongoni, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema miaka sita amejaribu kuieleza hiyo draiva na hajawahi kuisikia ikisemwa hivi. Akasaini ukurasa wa nne. Halafu akatoa kwenye mkoba tiketi ya basi la kesho saa sita mchana, na sweta la manjano alilolifuma, dogo kama soksi. Kanionyesha mimi, si Msomi. Hilo nalo liandikwe.

Nimeuleta mwongozo nyumbani kwa dada aushangilie. Alikuwa anapinda suruali ya mtu. Kasoma kurasa mbili, kasimamisha cherehani. Kauliza ni nani anayeanza kuhesabu kwa sifuri. Kasema hata yeye akipima nguo, hakuna kiuno cha sifuri. Mzee atahesabu vidole vyake aanzie sifuri, atajikuta amepungukiwa na kimoja, apige kelele za mwizi.

Nimefikiri. Dada ana hoja. Sifuri ndilo doa pekee katika kazi yangu. Na ni nani aliyelipigia debe? Msomi. Mtu mwenye tai hajui watu wa kawaida wanahesabuje. Mimi najua, mimi ndio wao.

Nimeifuta. Sasa inasomeka: hesabu kutoka kushoto, moja, mbili, tatu. Tamu kabisa. Saini ya Mama Diski iko ukurasa wa nne, sifuri ilikuwa ukurasa wa pili. Kesho asubuhi nachapisha upya ule wa pili tu. Sina haja ya kumsumbua mama wa watu, ana safari.

Ijumaa, tarehe 7

Jaribio lilipangwa kufanywa kwenye kabati bovu la stoo. Lakini saa nne na robo asubuhi diski moja ikafa kwelikweli, ile iliyochoka. Mkuu akasugua mikono. Akasema jaribio gani zuri kuliko hili. Mama Diski akakalishwa mapokezi, mkoba magotini, asije akamsaidia mzee hata kwa nyusi.

Mzee wa geti akavaa miwani. Mkuu kulia, Msomi kushoto, mimi katikati nikipokea macho ya watu. Skrini ilisema: diski 5 haijibu. Mzee akasoma ukurasa wangu wa pili kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Akageukia kabati. Akahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaivuta taratibu, kama unavyomtoa mtoto aliyelala mgongoni. Kwa kweli alivuta vizuri mno.

Skrini za madirisha ya kuhudumia wananchi zikaganda zote. Huko mbele mwananchi mmoja akauliza kiwanja chake kimekwenda wapi. Msomi akaanza kuhesabu diski kwa macho, nikamwona midomo inaanza na sifuri.

Mama Diski akaja. Hakukimbia. Akamwuliza mzee, baba, hiyo umeitoa tundu lipi. Mzee akamwonyesha. Akaipokea kwa mikono miwili, akairudisha palepale, akahesabu hadi tatu bila sauti, akaandika neno moja. Skrini ilikuwa imeandika NASUBIRI. Ikaandika NAENDELEA. Dakika nne hazikutimia. Hakuna ramani iliyopotea, hata mstari, hata mtaro. Nimeona watu wakishangilia mpira kwa sababu ndogo kuliko ile.

Akachomoa ile iliyokufa kweli, jirani yake wa kulia, akatia mpya. Draiva ikaanza kuijaza kutoka kwa wenzake. Kujaza huchukua saa thelathini. Na hapo Mkuu akasema lake: ile nzima iliyong'olewa ikiwa kazini huenda imeumia, ikifa kabla mpya haijajaa tumekwisha, na mwongozo nao hauaminiki, kwa hiyo samahani mama, hakuna kuondoka mpaka ijae. Mama Diski akatazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Akatoa tiketi kwenye mkoba, akaiweka katikati ya daftari lake kama alama ya ukurasa.

Mkuu akauliza kosa limetoka wapi. Nikawahi. Nikasema mzee ameruka moja katika kuhesabu. Mzee akasema huenda, kijana, macho haya ni ya zamani.

Jumamosi, tarehe 8

Nimekuja kazini ingawa si siku yangu. Nilileta chai. Mama Diski kanipa kiti kile kile.

Diski ilikuwa imejaa robo tatu. Mama alipotoka nje kidogo, nikasoma draiva sehemu ambayo sikuisoma, maana mwongozo wa kurasa nne hauhitaji kusoma kila kitu. Hapo ndipo panapotoka NASUBIRI. Pembeni kaandika: Ipo siku mtu atachomoa diski nzima akidhani ni mbovu. Usifute kitu. Usiandike kitu. Mngoje airudishe. Tarehe yake ni ya miaka mitano iliyopita. Mimi wakati huo nilikuwa nacheza gololi, na mama huyu tayari alikuwa ameshanitengea nafasi katika draiva yake. Mtu wa namna hiyo utamwitaje? Mimi simwezi, na mimi ni mwandishi.

Asubuhi kulikuwa na simu. Habari za simu siandiki. Chumba kile kina joto.

Jumatatu, tarehe 10

Mambo yanakwenda vizuri. Mama Diski kaondoka jana na basi la asubuhi. Mzee wa geti amepangiwa kwenda kupimwa macho, kwa gharama ya ofisi, kwa hiyo nimemfaidisha. Msomi kaniambia mdogo wangu, unajua na mimi najua kwamba mzee alihesabu sawa. Nikasema leo kuna upepo.

Mezani nimeukuta ukurasa wangu wa pili. Sifuri imerudishwa kwa penseli, kwa mwandiko ninaoujua. Chini yake: Kurasa nyingine usiziguse, mwanangu, ni nzuri. Hakumwambia Mkuu. Kaniachia mimi.

Mkuu kapenda lugha yangu na anataka niandike mwongozo wa jenereta. Fundi wake kanipa maelezo, mazito kama ugomvi wa ukoo. Eti swichi huzungushwa kushoto kwanza, ndipo kulia. Nimeona kulia kwanza kunasomeka vizuri zaidi. Nitampelekea asaini, halafu nitapiga pasi kidogo.

Lakini daftari hili ni langu, nalo halisomwi na mtu isipokuwa dada akitafuta vifungo. Simu ya Jumamosi ilitoka kwa mkwe wa Mama Diski. Mtoto wa kike, saa tatu asubuhi. Mama Diski aliipokea akiwa amesimama mbele ya kabati, simu sikio moja, kidole sikio la pili, maana feni zile zinapiga kelele. Akawa anauliza, huyo ni yeye analia au ni feni? Msogezeni, sisikii, msogezeni. Alipokata simu akaniambia ana sauti nzuri, na akageuka kutazama asilimia.

Ramani zote zipo. Mzee alihesabu sawasawa. Ile sifuri niliifuta mimi.