Yah: Shangazi Kukaguliwa Mara Tatu kwa Siku

Ndugu Meneja wa Uzalishaji,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ndiye mkataji wa sabuni, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye ile mashine kuukuu ya dirishani. Tunaiita Shangazi kwa sababu inalalamika kutwa nzima lakini kazi inaenda. Naandika kwa heshima zote, ila moyo unanichemka.

Zamani Shangazi alikaguliwa mara mbili kwa mwaka, na hakuna aliyekufa. Tangu aje mkaguzi mpya, Bwana Tochi, miezi mitatu sasa, anakaguliwa asubuhi, mchana na jioni kama mgonjwa anayemeza dozi. Nalalamika hivi:

1. Kila ukaguzi, Shangazi huzimwa nusu saa. Nawe umeshatamka: tusipofikisha miche elfu mbili ya sabuni kwa siku kabla ya Ijumaa, anauzwa chuma chakavu, nami nahamia kufunga maboksi, chini ya shemeji yangu. Ndugu Meneja, shemeji huyo nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema hafai kumwoa dada yangu! Nitauweka wapi uso wangu?

2. Akimaliza hubandika kibandiko chekundu, IMEKAGULIWA, na cha jana hakitoi. Vimefunika kipimo cha joto, vikafunika kidirisha cha mafuta, na Jumanne vikafunika swichi ya kuzimia. Tulikata sabuni zikaisha, tukakata maboksi, tukakata na kofia ya mlinzi. Ndiyo siku pekee tuliyofikisha idadi.

3. Alipokosa pa kubandika, akanibandika mimi mgongoni. Ukistaajabu ya Musa! Nikafika nyumbani sina habari. Mke wangu akakisoma, akamwita mama yake, naye akakisoma, wakaafikiana kwamba mkaguzi huyo anaijua kazi yake. Mpaka leo wanacheka jikoni na hawanielezi.

Kwa hiyo naomba ukaguzi uwe mara moja kwa mwaka, na vibandiko vyote vitolewe. Mzima haketi mlangoni kwa daktari. Kama nasema uongo, nikafunge maboksi.

Nisalimie katibu muhtasi wako, fundi umeme, wapishi wote wa kantini, na mlinzi, umpe pole ya kofia. Shemeji msalimie kwa mbali.

Wako mtiifu asiyelalamika ovyo,
Mkataji wa Sabuni

N.B. Uvumilivu umenishinda, nimevibandua mwenyewe, mia mbili na ushei. Kilipotoka cha mwisho, Shangazi akaketi sakafuni vipande vinne. Kumbe ndivyo vilivyokuwa vimemshika! Na chini ya kila IMEKAGULIWA kuna maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma: "Ufa hapa. Mkataji ameambiwa, amecheka." Kile cha mgongoni mwangu mke wangu amekitundika ukutani. Kinasema: "Haambiliki." Tafadhali mlete Bwana Tochi sasa hivi, aje hata mara kumi kwa siku, na vibandiko vyote alivyobakiza. Shemeji ameshakuja kunipima aproni.