Sifa Kutoka Nje

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi kaingia kitengo chetu cha habari serikalini amenuna. Eti miaka mitano tunaipamba nchi ughaibuni, na wananchi wenyewe bado wananung'unika. Anataka sifa kutoka nje, maana za ndani hakuna anayezisadiki. Tai (mwenzangu, tumempa jina hilo kwa sababu hata akienda chooni haivui) akakurupuka kuahidi kupigia simu balozi zote. Kimbelembele!

Jumanne, 4 Machi
Balozi hazina kitu. Mimi ninayo akili. Nimebeba kiti hadi uani, nikakaa juani, nikaandika: mtaalamu aliye nje asema hospitali zetu ni mfano wa kuigwa. Uongo uko wapi? Mtaalamu, mimi. Nje, nilikuwa. Kipara kimeungua.

Jumatano, 5 Machi
Redio zote! Mkurugenzi kanipigia makofi mbele ya Tai. Tai kacheka kama anayeng'olewa jino. Raha iliyoje! Jioni fundi viatu wa mtaani kwetu kanieleza, kifua mbele, kwamba watu wa nje wanatuonea gere.

Alhamisi, 6 Machi
Dada yangu kaja. Ni mkunga. Wodi yake haina maji mwezi wa tatu sasa, akina mama wanakwenda kujifungua na madumu yao. Pampu waliyoahidiwa wiki hii imefutwa. Wameambiwa hospitali ya mfano haiombiombi. Alipolalamika, mzazi mmoja, dumu mkononi, kamwita msaliti: watu wa nje waone, yeye asione? Dada akasema mficha uchi hazai, halafu akauliza kama namjua huyo mtaalamu. Nikasema, kwa mbali. Aibu iliyoje! Kesho naandika barua ya kukanusha, liwalo na liwe.

Ijumaa, 7 Machi
Sikukanusha. Nilishafika mlangoni kwa mkurugenzi, barua mfukoni, Tai akanipita mbio na gazeti. La nje kwelikweli, la ng'ambo! Ukurasa wa tisa: hospitali zetu ni mfano wa kuigwa. Wamenukuu redio yetu. Nimesoma mara nne. Watu wale hawatujui, hawana ndugu huku, watudanganye ili iweje? Kumbe nilisema kweli bila kujua! Barua nimeichana. Ukurasa nimempelekea dada, na pembeni nimemwandikia alikague vizuri lile bomba la maji la wodini, huenda analizungusha kinyume.