Gedi bin Shuriye na Vita vya Mlalo wa Shokabsoba

Nyamazeni, enyi watu wa Isiolo, ninyi mnaouza mbuzi na ninyi mnaotafuna miraa mkijidai mna shughuli! Tueni vikombe, zimeni redio, kwa maana nawaletea habari nzito ya mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tisa, mwaka ambao Gedi bin Shuriye, simba wa barabara ya Merti, mjukuu wa askari aliyeongoza nyumbu wa maofisa, alipambana na fimbo mbili za chuma chini ya Land Rover yake, akazishinda. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Mimi nilikuwepo, nimekalia ringi kuukuu ya gurudumu uani kwake, na sitaki kukatizwa.

Shokabsoba, kwa wale mliozoea kwenda kwa miguu, ni fimbo ya chuma yenye mafuta ndani, nayo kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke kama mwana-mbuzi aliyeshiba. Mawe ya Merti yalikuwa yamevunja vishikizo vya shokabsoba mbili za nyuma. Akaitwa Nanok Lowoi, bingwa wa kuchomelea, mtazama-moto asiyevaa miwani, avichomelee upya. Swali lilikuwa moja: zilale vipi, wima au zimeinama? Nanok hakumuuliza mtu. Alichagua mlalo aliouona tangu utotoni, ule wa mchungaji wa Kiturkana aliyesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo yake iliyoinama sana.

"Mtu akisimama hivi," akanena Nanok, "hata jua itue, hachoki. Sasa chuma itachoka namna gani?"

Gedi aliikubali hoja kwa sababu ilikuwa nzuri. Lakini mchungaji hapiti makorongoni kwa kasi ya maili arobaini.

Kwa mlalo huo shujaa wetu aliondoka kwenda Biliqo kumchukua Mama Racho, mamake mkewe. Mkewe Qabale alikuwa amejifungua binti, mtoto wao wa kwanza, naye Racho alitakiwa aje akae na mzazi siku arobaini. Alipanda nyuma akiwa amepakata gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimejaa maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya binti yake. Gari likayumba, likainama, likainuka, likacheza ngoma isiyo na jina. Walipofika Merti maziwa yalikuwa siagi, na Racho alikuwa na nundu mbili kichwani.

Sasa jueni kwamba kwa adabu yao ya ukwe, Racho hasemi na mkwe wake ana kwa ana, wala mkwe hamtazami usoni. Basi akaihutubia gorfa, kwa sauti iliyosikika hadi kisimani.

"Wee gorfa! Mwambie mwenye gari mimi nabaki hapa kwa dada yangu. Ijumaa aje mara moja, moja tu. Maziwa ikifika Isiolo ikiwa maziwa, nitakaa kwa binti yangu. Ikigeuka siagi, binti yangu na mtoto watapanda ngamia waje kwangu Biliqo, mpaka arobaini iishe. Ama mpaka mtoto aote meno. Nitaona mwenyewe."

Gedi alirudi Isiolo na gari tupu. Nawaambia ukweli, nilimwona akiingia ndani, akamnyanyua yule kichanga, akamnusa kichwani, akatoka macho mekundu. Mtu aliyewahi kuvuka mto uliofurika aliogopa ngamia mmoja.

Alhamisi asubuhi baraza la vita likakaa uani. Gedi akasimama juu ya jeki, akanguruma:

"Nanok! Babu yangu alisimama wima mbele ya wazungu miaka kumi na minane, na hakuna hata mmoja alimwona akitingisika! Leo wajukuu wake tulaze vyuma kama walevi wa busaa? Wallahi, nataka wima! Wima kabisa!"

"Wima ni ya mlingoti wa bendera pale kwa D.C.," akajibu Nanok. "Na hiyo haijawahi kubeba abiria. Lakini gari ni yako, na kichwa ni yako."

Cheche zikaruka, uani kukanuka chuma. Shokabsoba zikasimama kama gwaride, na mashujaa wawili wakatoka kwenda kulijaribu gari kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Tuta la kwanza, fimbo zikakosa nafasi ya kujikunja, zikagonga mwisho wake kwa kishindo. Kigoda cha Nanok, anachokikalia mchana na kukiwekea kichwa usiku alalapo, kikarukia vichakani. Gedi alijing'ata ulimi, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu abalehe.

Waliporudi wakaanza kulaumiana upya, huyu akitaja babu, yule akitaja wachungaji, hadi mtoto akalia. Ndipo sauti ikatoka dirishani, nyuma ya pazia, kwa maana mzazi hatoki nje.

"Nyinyi wawili mmenichosha. Sikizeni," akasema Qabale. "Mama akitaka siagi, analaza gorfa magotini, anaisukuma, inaenda inarudi. Hiyo ndiyo Nanok alifanya. Akiifunga wima kabisa juu ya ngamia, mfuniko unarukaruka. Hiyo ni yako, baba ya huyu mtoto. Lakini akitaka maziwa ifike ikiwa maziwa, anaifunga ikisimama, halafu kichwa kinaegemea ndani, upande wa nundu. Kidogo tu. Kiganja kimoja."

Majemadari wakatazamana. Nanok akafunga nati kwenye uzi, akauning'iniza kando ya gurudumu apate mstari ulionyooka. Kutoka hapo ncha ya juu ya shokabsoba ingeingia ndani kiganja kimoja. Lakini kiganja cha nani? Cha Nanok kilikuwa kipana kama sahani, cha Gedi chembamba, na vita vikataka kuzuka tena. Ndipo mkono wenye bangili ukatoka nje ya pazia, vidole vimebana, ukangoja. Nanok akageuza uso kwa heshima. Gedi akaupima mkono wa mkewe kwa kipande cha kamba, akaupima mara mbili, ingawa mara moja ilitosha.

Usiku huo Nanok akachomelea kwa kipimo hicho, na Ijumaa Gedi alimpakia Racho na gorfa mpya ya maziwa kule Merti. Enyi mnaosifu safari za majeshi, nani kati yenu amewahi kuendesha gari kwa muda wa saa sita akiwa haruhusiwi kugeuka nyuma? Kila korongo alilishuka akisali. Kila mara mawimbi ya barabara yalipoanza kutetemesha usukani, alitega sikio asikie nundu ya tatu ikizaliwa. Nyuma kimya. Wakapita Gotu, kimya. Alianza kuogopa kwamba mama mkwe ameanguka njiani. Kisha, katikati ya mawe mabaya kuliko yote, akasikia mngurumo mzito, akadhani gia imekatika. Alikuwa Racho, anakoroma.

Saa tisa na robo alasiri waliingia Isiolo. Racho akaamka, akaitwaa gorfa bila kusema na mtu wala na chombo, akaingia kwa binti yake. Akaifungua, akaiinamisha juu ya bakuli. Sisi wote tulikuwa tumebanana mlangoni, na Nanok alikuwa ameshika spana bila sababu. Yakatoka maziwa. Meupe, mepesi, na povu kidogo juu.

Qabale akanywa. Mama mtu akamtazama mpaka alipomaliza. Kisha akamchukua mtoto, akamlaza mkekani karibu na magoti ya Gedi aliyechuchumaa kizingitini, akajifunika uso kwa shuka yake, akaketi, akavua kandambili zake za ngozi, moja, halafu nyingine, akaziweka ndani ya mlango.

Tulipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Gedi hakupiga kelele. Alikuwa amemshika binti yake kwa mikono miwili, analia waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Basi wenye kalamu na waandike, na walio mbali waambiwe: wapo walioteka miji na wapo walioangusha wafalme, lakini Ijumaa ile, kwa kiganja kimoja cha mlalo, mwanamke wa Biliqo alivua viatu Isiolo.