Jiwe la Uzinduzi Mlangoni kwa Bi Mardhiya

Bismillahi. Assalaam alaykum. (Wa alaykum salaam.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa taarifa za simu ameshafika Kerege, na kiti chake mnakiona pale kimetandikwa kitambaa, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma mwakilishi, ndugu mwakilishi wa mwakilishi (anapunga mkono), masheikh wetu, wazee wenzangu mliokaa barazani, wenye nyumba nne zinazotumia karo moja la choo katika uchochoro huu, akina mama wa chama cha kufa na kuzikana, madereva wa bajaji mliozuiwa kupita kwa ajili ya shughuli hii, na wewe mwanangu Mardhiya, ambaye mlango wako wa nakshi tunauona leo umefungwa kwa sababu za kiharufu: itifaki, kwa kadiri pumzi ilivyoniruhusu, nimeizingatia. (Makofi hafifu, maana wengi mkono mmoja umeshika pua.)

Mimi, Mwalimu Humaid Masoud, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Majitaka, nimesimama mbele yenu, au kwa usahihi zaidi nimesimama juu ya jiwe la uzinduzi wa Mradi Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Usimamizi wa Majitaka Mji Mkongwe, jiwe nililolizindua mwenyewe mwaka jana mbele ya macho yenu, na ambalo kamati iliagiza lijengwe pana hivi kwa makusudi, ili mzungumzaji asipate kizunguzungu. (Sauti: "Tunakuona, mwalimu.")

Ndugu wananchi, kamati yangu imepokea kwa masikitiko ya kitaalamu taarifa kwamba tangu Jumamosi, maji yanayomwagwa bafuni kwa Bi Mardhiya hayashuki, bali yanazunguka na kutokea uani, yakiwa yameongezeka ujazo na kubadilika tabia. Wengine mitaani wanasema choo kimefurika. Hiyo si lugha ya mpango mkakati. Sisi tunasema mfumo umetoa mrejesho. (Kicheko barazani.)

(Bi Mardhiya anasimama. "Shikamoo, mwalimu.")

Marahaba, mwanangu.

("Mrejesho wenyewe unaelea uani. Harusi ya binti yangu Wahida ni Ijumaa. Wakwe wanatoka Pangani. Masufuria ya pilau nitayateleka wapi? Na sheikh atafungishaje ndoa penye najisi?")

Swali zuri. Ulikuwa na maswali mazuri tangu nikikufundisha darasa la tano, na mimi swali zuri silijibu kwa haraka. Nalijibu kwa msingi wake.

Msingi ni huu. Maji kwa asili yake hushuka. Ukiyaona yanapanda, jua kuna kitu kimeyazuia njia. Katika nyumba zetu hizi, kila choo kina bomba lake, na mabomba yote manne yanakwenda kwenye karo moja lililo chini ya uchochoro huu, ambalo wazee wetu walilichimba kwa ujirani mwema na kulishea bila mkataba wala kikao. Karo likijaa, maji hayana pa kwenda, basi yanarudi yalikotoka, na yanaanzia nyumba iliyo chini kuliko zote, ambayo kwa bahati ni ya Bi Mardhiya. (Bi Mardhiya: "Kwa bahati ya nani?")

Basi nini kifanyike? Kwanza, nyumba zote nne ziache kumwaga maji, si moja tu, kwa sababu jirani wa juu akioga, jirani wa chini ndiye anayepokea. (Wengi wanamgeukia Mzee Amiri, jirani wa upande wa pili, ambaye kanzu yake imenyooka na ananukia sabuni.) Pili, mafuta yaliyokaangia samaki, ukoko wa wali na nepi za watoto visitupwe chooni, maana vikishuka huganda. Tatu, watoto wasipite uani pekupeku, na chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe, hata kama ni kiroba cha mchele wa harusi. Nne, yakishaondoka, pasuguliwe kwa sabuni na maji mengi mpaka isibaki rangi wala harufu; masheikh watanisahihisha. (Sheikh anaitikia kwa kichwa.)

Elimu hii, ndugu zangu, ndiyo impakti ya mradi. Tangu uzinduzi, uelewa wa wananchi juu ya majitaka umepanda kwa asilimia tisini na sita, na nikitazama nyuso zenu leo, naona tumefika mia. (Kicheko.)

Hata hivyo hayo yote ni matibabu ya awali. Dawa yenyewe ni gari la kunyonya. Linakuja, mfuniko wa karo unafunuliwa, mpira unateremshwa, na kabla ya adhuhuri mambo yamekwisha. Sasa namuuliza Bi Mardhiya kwa upole wa kimalezi: kwa nini gari halikuitwa?

("Lilikuja jana, mwalimu. Likarudi hivyo hivyo. Mfuniko hauonekani.")

Uzembe. Mfuniko wa karo si kobazi lililovuliwa mlangoni msikitini, haupotei. Ni zege pana, gumu, lipo katikati ya uchochoro, baina ya mlango wa Mardhiya na ukuta wa Amiri. Mimi napajua vizuri, kwa sababu ndipo kamati ilipo... (Mwenyekiti anatazama viatu vyake.) Ndipo kamati ilipopata mahali imara pa kujengea jiwe.

(Mzee Amiri: "Endelea, mwalimu. Darasa linakusikiliza.")

Ndugu wananchi, vigezo vilizingatiwa. Uchochoro wote huu ni mchanga. Tulihitaji mahali pagumu, tambarare, palipo wazi, na katika upembuzi yakinifu wetu ni sehemu moja tu iliyokidhi. Tulishukuru, tukaona tumeandaliwa mahali. Kweli palitokea mtu akauliza chini yake kuna nini, na kamati ikamjibu kwamba masuala ya chini yatashughulikiwa katika awamu ya pili. (Kicheko kirefu. Vijana wawili wanakuja na mtarimbo na nyundo.)

Vijana, subirini. Jiwe hili halivunjwi kiholela. Tukilivunja, tumevunja mradi. Na msinielewe vibaya: sisemi tutauathiri. Nasema tumeuvunja.

(Mzee Amiri: "Na mabomba mapya je?")

Yamo awamu ya pili.

("Na awamu ya pili iko wapi?")

Ndiyo nimekuja kuizindua leo.

("Wapi?")

Hapa. Kwenye jiwe hili hili, upande wa nyuma. (Hata mwakilishi wa mwakilishi anacheka.)

(Bi Mardhiya: "Mwalimu, mimi sikucheki. Nakuuliza tu. Ijumaa, nani tumempa kazi ya kuwapokea wakwe kwa hotuba?")

Mimi.

("Utawapokelea wapi?")

(Mwenyekiti anautazama mlango wa nakshi uliofungwa.)

Hilo, mwanangu, halikuwa limefikishwa mezani kwa mtazamo huo. Hotuba ile nimeiandaa tangu posa. Ina sehemu saba. Siwezi kuisoma kwa watu walioshika pua.

Kwa mamlaka niliyojipa, basi, naelekeza jiwe livunjwe, gari liitwe tena leo hii, na Amiri asioge. (Vigelegele vya akina mama.) Naomba tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema majitaka, mseme yashuke. Majitaka. (Umati: "Yashuke.") Kamati. (Umati: "Ishuke.") Hiyo haikuwemo, lakini nimeipokea.

Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye hakupigiwa simu na mtu, wala hajui kuwa ana mwakilishi, kwani salio la kamati liliisha. Nawashukuru wafadhili, ambao bado tunawatafuta. Naishukuru kamati, yaani mke wangu na mimi. Na ninawashukuru nyinyi kwa kuulea mwaka mzima, kwa makofi na subira, mradi ambao haukuwahi kuwa na bomba hata moja, ila jiwe hili tu, nililolijenga kwa saruji iliyobaki kwenye ukarabati wa baraza langu.

Nishikeni mkono nishuke, mradi uondoke, maji yapite.