Breki za Kutu Mbele ya Baba Mkwe

Leo sina uso, jamani. Naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi, na mkifika katikati mtaelewa kwa nini.

Kwa wasionijua: mimi ni Mtanzania wa Moshi, nafanya kazi kwenye ofisi ya kupokea mizigo hapa Gisimenti, mjini kwa Wanyarwanda, na nimechumbiwa na kijana anaitwa Eric. Baba yake, Mzee Gaspard, ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Tatizo ni kwamba hakitumii. Mama yake Eric alishafariki, mzee ndiye nyumba nzima, na tangu nijulishwe kwake ananiita "mgeni". Mgeni amekula? Mgeni anasikia baridi? Basi, hapo maongezi yameisha. Eric ananiambia ndivyo alivyo, nimzoee. Lakini nyie niambieni, unaolewaje kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba anakuita mgeni?

Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, mzee akanigeukia akauliza kama najua kuendesha baiskeli. Nikamjibu najua sana. (Hiyo "sana" ndiyo iliyoniponza.) Akasema Jumamosi anakwenda kwa baiskeli Masaka, hapa nje kidogo ya mji, kama napenda twende wote. Eric akabaki na kijiko hewani. Baba yake hajawahi kumwalika mtu, hata Eric mwenyewe.

Baiskeli ninayo kweli, ya milimani, ile ya breki za diski. Ila masika yote ilikaa barazani kwangu, na mvua ya huku inapiga kwa ubavu, hiyo baraza ni jina tu. Leo asubuhi naitoa, nakuta zile diski, yaani sahani za chuma zinazozunguka pamoja na gurudumu, zimekuwa na rangi ya chai kavu. Ukiisukuma inalia kama mbuzi aliyefungwa mbali na mwenzake. Breki ya nyuma, waya umeganda kwa kutu, kishikio hakiendi wala hakirudi. Nikajifariji kwamba ya mbele ipo, na mtu hasimami mara mbili.

Lakini ile kelele! Nitaongozana vipi na mkwe huku nalia kama mbuzi? Nikachukua kopo la mafuta ya kutoa kutu, nikapuliza kwenye diski ya mbele. Nikafuta, nikapuliza tena. Ikang'aa. Nikaizungusha uani: kimya. Nikajipongeza kwa sauti.

(Sasa hivi najua. Kelele ziliisha kwa sababu breki nazo ziliisha. Ile diski inatakiwa iwe kavu ndiyo pedi ziishike. Mimi niliipaka mafuta kama mtoto anayekwenda kanisani.)

Tukakutana na mzee, nikampa shikamoo yake, akaniitikia, akatangulia. Njia ya mwanzo ilikuwa tambarare na vilima vya kupanda, breki sikuzigusa kabisa. Upepo mzuri, mashamba mabichi, nyumba mpya zinaota kila kona. Hata goti langu, ambalo huwa linalalamika, lilinyamaza. Nikaanza kujiona mke wa mtu.

Kisha tukafika kileleni, mteremko wa vumbi unashuka Masaka.

Mzee akashuka taratibu, kiheshima. Mimi nikafuata. Mwendo ukaongezeka, nikabana breki. Kishikio kikabana vizuri sana. Baiskeli haikupata habari. Nikabana kwa mikono yote miwili. Wapi. Nikajaribu kuburuza viatu, kokoto zikaruka, mwendo ukabaki uleule. Mgongo wa mzee ukawa unakua mbele yangu.

Nilitaka kumwambia sina breki. Naapa nilitaka. Ila wakati nampita, mdomo ulitoa kitu kimoja tu ulichozoea kutoa mbele yake:

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu, kabla hajatambua kinachoendelea.

Nikaipita pikipiki ya abiria, hizi tunazoziita moto. Nikamwona dereva akinitazama kwa heshima. Mbele kuna kona, na nje ya kona kuna mtaro wa mawe. Kushoto kuna shamba dogo la maharagwe, yale yanayopandishwa kwenye miti mirefu. Nikachagua maharagwe.

Sikuumia, ukiacha mikwaruzo ya makalioni inayonilaza kifudifudi. Niliingia safu ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu baiskeli ikalala, nami nikabaki nimening'inia kwenye mti mmoja ulioshika suruali yangu ya mazoezi kwa nyuma. Nikajivuta. Kitambaa kikapasuka kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa sauti ambayo hata yule wa moto aliisikia.

Na ndani nilikuwa nimevaa ile nguo ya katuni za bata. (Nilizawadiwa. Msiniulize na nani.)

Mama mwenye shamba akatokea na jembe mkononi. "Yampaye inka," akasema, ule mshangao wa Kinyarwanda, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake: "Wewe iko muzima?"

Nikamwambia nipo mzima, na tafadhali asimame hapo hapo nyuma yangu, asisogee. Maana mzee alikuwa amefika.

Akaniona. Akawaona bata. Mara moja akanipa mgongo, akafunga mikono nyuma, akaanza kuisifu milima. Kwamba upande ule, hali ya hewa ikiwa nzuri, mtu anaona mbali sana. Kwamba mwaka huu mvua imekuwa nzuri kwa kilimo. Mtu asiyeniongelesha miezi yote hiyo, leo alizungumza mfululizo mpaka yule mama aliporudi na kitenge, akanifunga kiunoni kwa mafundo mawili.

Nikaomba radhi kwa ajili ya maharagwe. Mama akasema maharagwe yanasimama tena, mtu ndiye mgumu kusimamishwa. Tukaanza kuinua miti mimi na yeye, na baada ya muda nikasikia mtu wa tatu anakanyagia udongo safu ya pili. Alikuwa mzee. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, nikadhani amekasirika. Kumbe anacheka, amebana mdomo mpaka hana nguvu tena. Nami nikaanza. Mama akatazamana na jembe lake.

Kurudi hatukupanda baiskeli. Tulizisukuma kilima chote, na mzee akasimulia jinsi alivyokuwa akimpakia mama yake Eric kwenye baiskeli kule Karagwe, na siku aliyomwangusha mtoni wakiwa wachumba. Alisema tangu azikwe, hakupata mtu wa kupanda naye. Kisha akainama kwenye gurudumu langu, akagusa diski, akanusa kidole.

"Mwanangu," akasema, "hivi umeikaanga?"

Mwanangu. Nilisimama katikati ya barabara nikajifanya nafunga kitenge vizuri, kumbe nafuta macho.

Tumekubaliana Jumamosi ijayo tunabadilisha pedi na waya, tunasafisha diski zikauke, halafu tunapeleka kitenge Masaka. Baiskeli yangu itahamia kwake, ana stoo isiyovuja.

Nyumbani Eric akauliza kilichotokea. Mzee akamjibu kwa utulivu kwamba ilikuwa ni kutu tu, akaingia ndani. Nikamshukuru Mungu kwa mkwe msiri. Halafu nikamsikia jikoni, yuko peke yake, anaigiza bata.

Basi ndugu zangu, mkinikuta Gisimenti wiki hii, nisalimieni usoni mpite. Kunigeukia nyuma si lazima.