Mwezi wa Idi Nilioutangaza Forodhani

Jamani, leo uso sina pa kuuweka.

Mnajua nimeanza kujifunza mambo ya nyota. (Mwezi wa pili sasa. Sayari nazijua kwa majina, kwa sura bado.) Darubini nilinunua Darajani, na niliichagua kitaalamu kabisa: boksi lenye picha nzuri kuliko yote. Muuzaji alinishauri nichukue ile fupi nene, eti inakusanya mwanga zaidi. Nikamwona hajui kitu. Nikabeba ndefu nyembamba, iliyoandikwa inakuza mara mia sita. Miguu yake inatetemeka hata mtu akipiga chafya chumba cha pili.

Leo ni ishirini na tisa Ramadhani. Magharibi ikiingia, Unguja nzima inautafuta mwezi wa Idi. Nikasema hii ndiyo siku yangu, kwa sababu Mzee Sleiman angekuwepo Forodhani. Huyu ni baba yake Rukia, na posa yangu iko kwake tangu Rajabu bila jibu. Nimesikia anauliza watu, "Kijana mwenyewe ana akili?" Nikataka leo ajionee.

Basi nikafuturu tende mbili, nikakimbia na dude langu. Nikalisimamisha mbele ya watu wazima waliokuwa wamekodoa macho upande wa bahari bila kuona kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na hilo bomba la nini?"

"Darubini, mzee. Nyie tazameni kizamani, mie n'natazama kitaalamu."

(Nilisema hivyo. Kwa mkwe. Kwa sauti.)

Nikainama, nikazungusha huku na huku. Mara kitu kikang'aa. Subhanallah! Kijimwezi chembamba, pembe mbili, cheupe pe!

"Umeandama!" nikapiga kelele. "Mwezi umeandama!"

Mtu mmoja akachungulia. "Wallahi n'nauona!" Zikapigwa takbira. Nikakumbatiwa na watu nisiowajua. Fundi wa kanzu akatimua mbio, analia kwamba kanzu za watu hazijatiwa vifungo. Wengine wakaanza kuambiana tarawehe leo hakuna. Dakika tano hazijaisha, simu ikalia. Mama mdogo, yuko Paje.

"Mwanangu, umesikia? Mwezi umeonekana! Kauona daktari wa nyota katoka Misri!"

"Mama, huyo daktari ni mie."

"Basi nshachinja majogoo mawili!"

Mzee Sleiman akawasogeza watu pembeni. Akaja taratibu, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akanyanyua kichwa, akatazama pale pale kwa macho yake matupu.

"Hebu ondosha bomba lako. Tazama. Unaona nini pale?"

Nikatazama. Palikuwa na nyota moja. Kubwa, inang'aa, ile ile tunayoiona jioni zote hizi.

"Nyota," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na mwezi uko wapi?"

Mwezi haukuwepo, jamani. Ile ilikuwa Zuhura! Kumbe sayari ile nayo, ukiitazama kwa darubini, kuna siku huonekana kipande kama mwezi mchanga. Imeelezwa vizuri kwenye kitabu changu, kwenye ukurasa niliouruka kwa kuwa hauna picha.

Forodhani ilicheka mpaka wachoma mishikaki wakaacha kupepea makaa. Yule aliyeapa "wallahi n'nauona" ndiye aliyecheka kuliko wote. Paje nilipiga simu mwenyewe, maana watu wangekula mchana kesho kwa neno langu. Mama mdogo akaniuliza vichwa vya majogoo avirudishe vipi. Nilitamani ardhi inimeze, ianze na darubini.

Nilipokuwa nakunja vitu vyangu, Mzee Sleiman akanigusa bega.

"Wambie wazee wako waje kuchukua jibu mwezi ukiandama."

Moyo ukaruka kwa furaha!

"Lakini," akasema, "wausubiri wa kwenye redio."

Basi nawaomba, msinicheke. Kesho bado ni Ramadhani, mtajipunguzia thawabu.