Setilaiti Inasema Shamba Langu Limelowa

Gatuanyaga,
14 Oktoba 1996

Kwa Mkuu wa Mradi wa Kupima Unyevu wa Udongo kwa Setilaiti,
Ruiru.

Mheshimiwa,

KUH: KUSINGIZIWA UNYEVU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na setilaiti yako. Mimi ni Ndinda, mke wa Kisilu, mkulima wa huku Gatuanyaga, ambako kuku akikwaruza, vumbi lake huonekana hadi barabarani. Mvua hatujaiona tangu Mei. Juzi Naibu wa Chifu, Bwana Njau, alitusomea orodha ya vijiji vitakavyopewa mbegu za msaada, na sisi hatumo. Alisema setilaiti imetazama kutoka juu ikaona udongo wetu una unyevu wa kutosha. Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikatafuta kalamu. Nikikosa mbegu hizo sipandi kitu msimu huu, maana nilizokuwa nimeweka tulizila Agosti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Setilaiti ilipita kwangu bila kupiga hodi. Mgeni wa kawaida hukaribishwa, akapewa chai, akaulizwa habari za alikotoka. Hii yenu ilipita saa nne asubuhi nikiwa nimeshika birika, ikaona ilichoona, ikaenda kusema maneno kwingine. Watu wa namna hiyo tunao hapa kijijini, na hatuwaaliki tena.

2. Afisa wenu, Bwana Githinji, ni mtu wa adabu na sina neno naye. Wiki moja kabla ya setilaiti kupita, alichomeka kigingi katikati ya shamba langu. Alitueleza barazani kwamba setilaiti ikipita, yeye atachota udongo pale penye kigingi, aupime uzito, aukaushe kwenye oveni, aupime tena, ndipo setilaiti ijue inachokiona ni nini. Yaani shamba langu ndilo lililosemea Gatuanyaga nzima. Nilifurahi mno, nikajiandaa kama mtu anayepokea wakwe. Udongo wangu ukaenda kuokwa Ruiru kama mkate, na mkate ukasemekana ni majimaji. Sasa jirani yangu Wamboi ananiuliza mbele za watu nimeficha maji wapi. Hilo limeniuma kuliko njaa.

3. Kwenye ramani yenu, mraba mmoja unatubeba sisi pamoja na mashamba ya kahawa yanayonyunyiziwa maji kila siku. Kahawa inywe, halafu mimi ndiye niambiwe nimeshiba.

4. Shemeji yangu Bedan, anayekaa huko Ruiru, aliiona ramani hiyo ofisini kwenu, boma letu likiwa limepakwa rangi ya buluu. Jumamosi alituletea ng'ombe wake wawili waje kula majani mabichi. Hawakuyapata, kwa hiyo wanakula nyasi za paa la jiko langu. Kisilu anasema ni ng'ombe wa ndugu yake, hawezi kuwafukuza.

Kwa heshima zote, naomba Gatuanyaga irudishwe kwenye orodha kabla mvua za vuli hazijaanza. Ikishindikana, setilaiti iteremshwe ipelekwe kwa daktari wa macho pale Thika, nami nitaisindikiza mwenyewe. Na kama macho yake ni mazima, basi ije ishike jembe ipande kwenye huo unyevu inaoujua, nami nikae kivulini niitazame kutoka mbali.

Nisalimie Bwana Githinji, na anayeangalia oveni, na wote wanaoshinda mbele ya ramani. Kisilu anawasalimu pia. Ng'ombe wa Bedan hawajambo.

Ni mimi, mwenye shamba kavu,
Ndinda Kisilu

Tanbihi: Nimesikia setilaiti itapita tena mwezi ujao, na Bwana Githinji atakuja kuchota udongo upya. Tafadhali mtujulishe mapema. Safari iliyopita siku yenyewe ya kupita tulitajiwa siku moja tu kabla, ikawa mbio. Tangu alfajiri mimi na Kisilu tulipeleka punda mtoni mara sita, maana sijawahi kumpokea mgeni wa heshima kwenye vumbi, na bado maji yalitosha kunyunyizia pale penye kigingi peke yake. Mkitupa siku tatu, tutalilowesha shamba lote.